Kijiji Kilichobaki na Watu Wawili

Kutoka mji wa České Budějovice hadi Holašovice ni mwendo usiofika kilomita 20 kuelekea magharibi. Hapo, kusini mwa Bohemia katika Jamhuri ya Cheki, karibu na vilima vya misitu vya Blanský les, nyumba za wakulima zimeuzunguka uwanja wa majani wenye urefu wa mita 210 na upana wa mita 70. Uwanjani kuna bwawa la samaki na kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, kilichojengwa mwaka 1755.

Uwanja huo una umri mkubwa kuliko nyumba zote. Kijiji kilitajwa mara ya kwanza mwaka 1263, na mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili alikitoa kwa watawa wa Kisistersiani wa monasteri ya Vyšší Brod. Wakulima wakawa chini ya monasteri hiyo hadi 1848.

Kati ya 1520 na 1525 tauni ikaingia. Walipona watu wawili.

Kijiji cha namna hiyo kingeweza kufutika kabisa, kama vilivyofutika vingi Ulaya. Watawa hawakukubali ardhi yao ilale bure. Walileta familia kutoka Bavaria na Austria, na kufikia 1530 wakazi walikuwa 17. Wageni hao wakaja na lugha yao. Mwaka 1895 Holašovice, au Holschowitz kwa Kijerumani, ilikuwa na Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Wazao wa wahamiaji hao ndio waliokipa kijiji sura yake ya leo. Kazi ya lazima kwa mabwana wa ardhi ilipofutwa mwaka 1848, mkulima aliweza kujenga kwa fahari. Waashi wa vijijini walichukua madoido ya Kibaroko waliyoyaona makanisani wakayapandisha kwenye kuta za mbele za nyumba: mikunjo, maua ya chokaa, na mara nyingi mwaka wa ujenzi. Kati ya nyumba na ghala la nafaka kuna lango la tao. Ukilipita unaingia uani, penye mazizi, na nyuma yake ni mashamba. Waashi hao hawakuwa wasomi wa usanifu, lakini kazi yao inastahili heshima ileile wanayopewa wajenzi wa makasri.

Kisha kijiji kikapoteza watu wake mara ya pili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walifukuzwa Chekoslovakia, na nyumba nyingi za Holašovice zikabaki tupu kwa miaka mingi. Ukiwa huo, kwa uchungu wake wote, ndio uliozihifadhi, kwani hapakuwa na mtu wa kuzibomoa ajenge za kisasa.

Ukarabati ulianza mwaka 1990. Mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza kijiji katika Urithi wa Dunia, na leo nyumba hizo zinakaliwa tena. Anayefika kuzipiga picha asiondoke bila kuitafuta nguzo ya ukumbusho wa waliokufa kwa tauni.