MALAWI: MKULIMA NA MDAI WAKE

Askari aliyezaliwa kijijini anaufahamu vema mwezi wa Januari. Ndio mwezi ambao habari za kutoka nyumbani huwa fupi na huishia na ombi. Mahindi yamo shambani lakini hayajabeba, ghala limefagiliwa hadi sakafuni, na mbolea ya kukuzia haijanunuliwa. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi jirani ya Malawi, majuma hayo ya njaa ndiyo majuma ambayo mwenye fedha hutafutwa mlangoni kwake kabla jua halijachomoza.

Nchi hiyo ina historia ambayo yafaa ifahamike kwa majirani zake. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa na mpango wa kuwakopesha wakulima wadogo uliotajwa mahali pengi kuwa mfano. Mpango huo ulianguka katika muda wa misimu miwili hivi, na aliyeumia zaidi hakuwa mkopeshaji.

Deni la kwanza la mkulima wa Nyasaland, kama nchi hiyo ilivyoitwa chini ya Mwingereza, halikuwa deni la fedha. Katika nyanda za juu za Shire, kusini mwa nchi, walowezi walijitwalia ardhi kubwa pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake. Mwafrika aliyetaka kubaki mahali alipozikwa babu yake alitakiwa kulipa kwa jasho, akilima shamba la mlowezi wakati wa mvua, yaani wakati ule ule ambao shamba lake mwenyewe lilihitaji jembe. Utaratibu huo uliitwa thangata. Mchungaji John Chilembwe alipoinua silaha mwezi Januari 1915, chuki dhidi ya thangata ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wamfuate.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964, lakini deni la namna hiyo halikufutika pamoja na bendera ya mkoloni. Katika mashamba makubwa ya tumbaku ya Kasungu na Lilongwe, safari hii mengi yakiwa mikononi mwa wenye nchi wenyewe, familia zilizotoka wilaya za kusini zenye uhaba wa ardhi ziliingia kama wapangaji. Mwenye shamba aliwapa unga, mbegu na mbolea kwa mkopo tangu mwanzo wa msimu. Tumbaku walimuuzia yeye, kwa bei aliyoipanga yeye, na hesabu ya deni ilikuwa katika daftari lake yeye. Ziko familia ambazo baada ya miezi kumi ya kazi ziliambiwa hazidai kitu, na nyingine zikaambiwa zinadaiwa. Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya kuukomesha upangaji huo mwaka 2021, miaka 57 baada ya uhuru.

Kwa mkulima aliyekuwa na kishamba chake mwenyewe, mdai alikuwa mtu mwingine. Wamalawi humwita mkopo wake katapila. Msikilizaji wa Tanzania akilisikia neno hilo atadhani ni tingatinga la kuchongea barabara, na pengine hatakuwa amekosea sana. Mwenye katapila si mtu wa mbali. Ni mwenye duka, au mfanya biashara ya mazao, au mtumishi apataye mshahara kila mwisho wa mwezi. Haombi hati wala dhamana ya nyumba, kwa sababu anamjua mkopaji, anamjua mkewe, na anajua ng'ombe wake ni wangapi. Sharti lake la kawaida ni rahisi kukumbuka: chukua moja, rudisha mbili. Gunia moja la mahindi la Januari hulipwa kwa magunia mawili mwezi wa Mei.

Hapa inafaa kusema kwa haki. Mwenye katapila anayo hoja yake, nayo si ya kijinga. Gunia moja wakati wa njaa huweza kugharimu sawa na mawili wakati wa mavuno. Kwa hiyo, asema yeye, kwa hesabu ya fedha hakuongeza kitu. Lakini mkulima hali fedha. Magunia mawili yanayotoka ghalani mwezi wa Mei ni chakula cha Desemba na cha Januari ijayo, na yakishaondoka, Januari hiyo humkuta tena mlangoni kwa mtu yule yule. Asiyekuwa na gunia la kulipa huuza nguvu zake kwa kibarua, ambacho huko huitwa ganyu. Ataipalilia bustani ya mwingine huku yake ikimezwa na majani. Deni likifika hapo limekuwa thangata nyingine, isiyo na mlowezi.

Katika hali hiyo ndipo serikali ilipoingia. Mwaka 1968 ulianzishwa mpango wa maendeleo ya ardhi wa Lilongwe, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na ndani yake wakulima walikopeshwa kwa vikundi vilivyoitwa klabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 utaratibu huo ulienezwa nchini kote, na mwaka 1987 shughuli zake zikakusanywa chini ya idara moja iliyojulikana kwa kifupi kama SACA.

Namna ya klabu ilikuwa hivi. Wakulima wa kijiji, kiasi cha kumi hadi thelathini, walichagua viongozi wao wakaomba mkopo pamoja. Hawakupewa fedha taslimu. Walipewa mbegu chotara na mifuko ya mbolea ya kutosha kipande cha shamba kilichopimwa. Riba ilikuwa ndogo kuliko ya mabenki ya biashara. Wakati wa mavuno walilipa pamoja, na mmoja asipolipa, klabu nzima haikupata mbolea msimu uliofuata. Kwa sababu hiyo wanachama walichaguana kwa uangalifu. Mlevi hakuingizwa, na mvivu hali kadhalika. Katika misimu mingi ya miaka ya 1970 na 1980 zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za mikopo zilirudishwa. Hayo ni malipo ambayo benki nyingi za mijini zingeyaonea wivu.

Hata hivyo sifa hiyo ina upande wa pili. Mwenye kishamba cha nusu hekta, na hao walikuwa wengi mno kusini, mara nyingi hakuingia katika klabu kwa kuwa alionekana hawezi kulipa. Wanawake wengi wakuu wa kaya waliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Vile vile mkulima mdogo alikatazwa kisheria kulima tumbaku ya burley, zao lenye fedha, mpaka milango ilipoanza kufunguliwa mwaka 1990. Mahindi yake na tumbaku yake ya aina nyingine aliliuzia shirika la serikali, ADMARC, kwa bei ya chini, na faida ikapelekwa kuyaendeleza yale mashamba makubwa. Alikopeshwa kwa mkono mmoja na kupunguziwa kwa mwingine.

Tena malipo hayo hayakuletwa na uaminifu peke yake. Malawi ilikuwa nchi ya chama kimoja chini ya Dk. Hastings Kamuzu Banda, aliyetangazwa Rais wa Maisha mwaka 1971. Chifu, chama na vijana wa Malawi Young Pioneers walikuwa karibu, na kila mdaiwa alijua kwamba kutolipa kungeweza kutafsiriwa kuwa ni kupingana na wakubwa. Haikuwa rahisi kwa mtu wa nje kujua ni kiasi gani cha malipo kilitokana na mshikamano wa klabu na kiasi gani kilitokana na hofu. Jibu lilipatikana hofu ilipoondoka.

Msimu wa 1991/92 ukame mkubwa uliikumba nchi hiyo pamoja na sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Mahindi yalikauka shambani, na wakulima wengi hawakuwa na cha kulipia. Mwezi Machi mwaka huo huo maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa waraka wa kuikosoa serikali, na tangu hapo siasa ikageuka. Kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993 iliamua kurudisha vyama vingi. Desemba 1993 jeshi la Malawi liliwanyang'anya silaha vijana wa Malawi Young Pioneers, na tarehe 17 Mei 1994 Dk. Banda alishindwa katika uchaguzi.

Kwa wananchi wengi huo ulikuwa ukombozi, wala hapana sababu ya kuubeza. Lakini katika mikutano ya kampeni wako wanasiasa waliowaambia wakulima kwamba mikopo ile ilikuwa ya utawala unaoondoka, wasisumbuke kuilipa. Maneno hayo yalipokelewa kwa shangwe, kama ilivyotazamiwa. Malipo yakaporomoka hadi chini ya sehemu 20 katika 100. Klabu ambayo wanachama wake tisa walitaka kulipa iliona kwamba jirani halipi na haadhibiwi, nayo ikaacha. SACA ikafa.

Gharama ya shangwe hiyo ilionekana upesi. Februari 1994 thamani ya kwacha iliachwa ielee sokoni, ikashuka, na bei ya mbolea ikapanda. Ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa katika miaka hiyo hiyo. Hivyo wakati ule ule ambao mfuko wa mbolea ulikuwa ghali kuliko wakati mwingine wowote, mahali pa kuukopa palikuwa pamefungwa. Mwanasiasa aliyesema msilipe hakuleta mfuko hata mmoja. Mwenye katapila alikuwapo pale pale dukani kwake.

Mwishoni mwa 1994 ilianza kazi kampuni ya fedha vijijini, MRFC, iendeshwe kibiashara. Riba yake ilikuwa kali, ikifuata viwango vya soko. Njia yake kuu ya kujilinda ilikuwa makato mnadani: tumbaku ya mkulima ilipouzwa katika minada ya Limbe, Lilongwe au Mzuzu, deni lilikatwa kabla hajashika fedha. Utaratibu huo uliwafaa wakulima wa burley. Lakini mahindi hayana mnada. Huuzwa debe kwa debe barabarani au huliwa nyumbani, na mkopeshaji hana mahali pa kusimama na kukata chake. Mkulima wa mahindi akaachwa nje, na mahindi ndiyo chakula cha taifa hilo. Tangu 1998 serikali ikaanza kugawa vifurushi vidogo vya mbegu na mbolea bure. Njaa ya 2001/02 ikaja hata hivyo. Na tangu msimu wa 2005/06, chini ya Rais Bingu wa Mutharika, mbolea ya ruzuku ikatolewa kwa kuponi. Kuponi si mkopo. Ni msaada, nao hutegemea hazina ya serikali ya mwaka ule.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo askari polisi watalitambua mara moja. Malawi ya miaka hiyo haikuwa na vitambulisho vya taifa. Uandikishaji wa nchi nzima ulifanyika mwaka 2017. Mdaiwa sugu aliweza kurudi msimu uliofuata kwa jina jingine, katika klabu nyingine. Mwaka 2007, katika wilaya za Dedza, Dowa, Kasungu na Mchinji, watafiti walichukua alama za vidole za wakulima wa paprika walioomba mkopo, katika nusu ya klabu, na nusu nyingine wakaiacha kama ilivyokuwa. Kwa wakulima wengi hapakuwa na tofauti, kwa kuwa walikuwa wakilipa hata bila ya kuchukuliwa alama. Tofauti kubwa ilikuwa kwa wale waliotazamiwa kutolipa: walipojua kwamba kidole chao kitawafichua, walikopa kiasi kidogo zaidi na wakalipa vizuri zaidi. Mtu mwaminifu naye ana faida katika jambo hilo, ingawa hutajwa kwa nadra. Asiyeweza kutambulika hawezi kujengewa sifa njema, na msimu wake wa kumi wa kulipa vizuri humkuta sawa na mgeni wa jana.

Katika miaka ya karibuni jibu jingine limeenea vijijini, ambalo Wamalawi huliita banki m'khonde, yaani benki ya barazani. Mtindo wake ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na kwa Mtanzania ni ndugu wa VICOBA. Watu kiasi cha ishirini, wengi wao wanawake, hukutana kila juma na kununua hisa kwa akiba zao. Fedha huwekwa katika kasha lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Wanachama hukopeshana kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Riba huweza kufika sehemu 10 au 20 katika 100 kwa mwezi, na kwa kuitazama tu mtu atasema hiyo nayo ni katapila. Ila mwisho wa mwaka kasha hufunguliwa mbele ya wote, na riba ile hurudi kwa wale wale walioilipa, kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake.

Mgawo hupangwa zaidi mwezi wa Novemba au Desemba, ili mbolea inunuliwe mvua zinapoanza. Baada ya hapo kasha huwa tupu, na kikundi huanza kuweka akiba upya, kwacha kwa kwacha, katika mwezi wa Januari.