Kicheko cha posa: Mzaha uliompa binti kauli

NI kosa kudhani kwamba wimbo unaochekesha hauna historia. Ukihudhuria ruracio hapa Ngoliba, karibu na Mlima Kilimambogo, utasikia mashairi ya uchumba yakiwavunja watu mbavu. Wahusika wake tunawajua: bwana anayejigamba ilhali mfukoni hana kitu, binti anayejua anadanganywa lakini anamwacha aendelee, na mzee anayehesabu mbuzi.

Mzaha huu una mizizi. Miaka ya 1940, vijana wa Kikuyu walichukua kodiani na hatua za dansi za Wazungu, wakazichanganya na ngoma zao. Karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa, ikatia mdundo. Huo ndio mwomboko: wawili wawili, mwanamume na mwanamke, hatua mbili kisha wanainama.

Serikali ya kikoloni haikuchukulia dhihaka kama mchezo. Mwaka 1930 iliupiga marufuku Muthirigu, wimbo uliowakejeli wamishonari na machifu. Ilielewa kwamba anayechekwa hadharani hupungukiwa na mamlaka.

Basi mamlaka ya mwanamume je? Hapa ndipo Joseph Kamaru (1939-2018) anapotufaa. Aliimba na dadake, Catherine Muthoni, kwa majibizano. Umbo hilo si pambo tu. Mwanamume akirusha neno, sauti ya kike inalirudisha. Binti ambaye nyumbani angeambiwa anyamaze, kwenye wimbo anasema "sitaki", na hakuna wa kumkemea kwa sababu eti ni utani.

Lakini utani una makali. Katika "Ndari ya Mwarimu", Kamaru alimlenga mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake. Walimu walikasirika, wakatishia kugoma. Hebu jiulize: kama ulikuwa upuuzi, mbona wakereke? Wimbo ulikuwa umetaja hadharani jambo ambalo vijiji vililinong'ona.

Leo mugithi wa gitaa moja unachekesha vilevile, ila mara nyingi anayeimba ni mwanamume peke yake. Msichana anatajwa, anasifiwa umbo, anachekwa, hajibu. Mzaha umebaki, majibizano yamepungua.

Kwa hivyo, wanaorekodi tungo za wazee wasiridhike na beti za bwana harusi pekee. Wawatafute pia akina nyanya na kuwauliza: walipoimbiwa, walijibu nini? Bila jibu hilo, tutakuwa tumehifadhi nusu ya kicheko.