Makarov ao Walther PPK: bastola mbili ndogo za kubeba, na mambo mkaaji wa Bukavu anapaswa kujua

Mutu akisema "silaha" hapa Bukavu, wengi wanaona kwanza kalash inayoning'inia begani. Bastola ni kitu kingine, kwa sababu haionekani. Inakaa chini ya koti, ndani ya sakoshi, chini ya kiti cha gari, ao mbaya zaidi chini ya mto wa kitanda, katika chumba kimoja na watoto. Ndiyo maana swali la bastola ipi inafaa kubebwa kila siku linaulizwa kwa sauti ya chini: kati ya walinzi wa wakubwa, askari polisi, wafanyabiashara wenye ruhusa, na pia watu ambao hawana ruhusa yoyote.

Bastola mbili ndizo zinazolinganishwa sana kwa ukubwa huo: Makarov ya Urusi na Walther PPK ya Ujerumani. Zinafanana kwa sababu moja imetoka katika familia ya nyingine. Kampuni ya Walther ilitoa bastola yake PP mwaka wa 1929, kisha ikatoa PPK iliyo fupi zaidi, kwa ajili ya wapelelezi wa polisi waliotaka kitu cha kuficha chini ya nguo. Watu wa sinema wanaijua kwa James Bond. Kisha vita ya pili ya dunia, Nikolai Makarov alichukua wazo hilohilo, akalirahisisha na kulikaza, na jeshi la Sovieti likaipokea bastola yake mwaka wa 1951. Kutoka huko ikaenea pamoja na misaada ya kijeshi, katika Asia na katika inchi nyingi za Afrika.

Lakini kwetu kuna bastola ya tatu ambayo lazima itajwe kwanza, maana ndiyo wazee wa jeshi wanaijua: FN Browning GP, iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji, tangu mwaka wa 1935. Ni kubwa, inabeba masasi 13, na imetumika Kongo kwa miaka mingi. Hiyo GP ni ya tendo moja. Maana yake, kifyatulio (watu wengi wanasema gashete) kinafanya kazi moja tu: kuachilia nyundo. Nyundo yenyewe inapaswa kukokiwa mbele, kwa kidole ao kwa kuvuta sehemu ya juu ya bastola. Kama haijakokiwa, unaweza kuvuta gashete mpaka kesho na hakuna kitu.

Makarov na PPK ni za matendo mawili. Risasi ikiwa ndani ya chumba na nyundo imelala, gashete inafanya kazi zote mbili kwa mvuto mmoja: inainua nyundo, kisha inaiachilia. Mvuto huo wa kwanza ni mrefu na mzito, na uzito huo uliwekwa kwa makusudi ili kidole kisifyatue kwa bahati mbaya. Lakini bastola ikishalia mara moja, sehemu ya juu inarudi nyuma yenyewe na kukoki nyundo. Kuanzia risasi ya pili gashete ni fupi na nyepesi.

Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Mtu anasema bastola yake "haiwezi kulia hivihivi" kwa sababu gashete ni ngumu. Hiyo ni kweli kwa risasi ya kwanza tu. Mlinzi aliyefyatua juu mara moja kutisha wezi, kisha akairudisha kiunoni mikono ikitetemeka, amebeba bastola tofauti kabisa na ile aliyotoka nayo nyumbani: nyundo iko juu, na gashete inahitaji kuguswa kidogo tu. Ni lazima kwanza ashushe nyundo kwa kutumia kitasa cha usalama. Zote mbili zinacho, kwa upande wa kushoto, nyuma ya sehemu ya juu. Kikigeuzwa, kinafunga bastola na kushusha nyundo bila kufyatua.

Shida ni kwamba vitasa hivyo viwili vinakwenda kinyume. Kwenye Makarov, kitasa kikiwa juu bastola imefungwa, kikiwa chini iko tayari kupiga. Kwenye PPK ni kinyume: chini imefungwa, juu iko tayari. Mtu aliyefundishwa kwa moja, akipewa nyingine usiku, ataifungua akidhani ameifunga. Kwa hiyo katika kikundi kimoja cha walinzi, kuchanganya bastola hizi mbili ni kosa, hata kama kila moja peke yake ni nzuri.

Kuna mtego mwingine, na huo unawahusu hasa wale waliozoea GP. Browning GP ilitoka kiwandani ikiwa na kizuizi ndani: shajeri ikitolewa, bastola hailii, hata kama risasi moja imebaki chumbani. (Wengine walikitoa kizuizi hicho, kwa hiyo hata GP si ya kuamini.) Makarov na PPK hazina kizuizi cha namna hiyo. Unatoa shajeri, unaweka mezani, unaonyesha rafiki: "Ona, haiko na masasi." Kisha unavuta gashete. Ile risasi moja iliyokuwa chumbani inatoka. PPK inasaidia kidogo kwa jambo hilo: ina kipini kidogo kinachojitokeza nyuma, juu ya nyundo, risasi ikiwa chumbani; unaweza kukigusa hata gizani. Makarov haina alama hiyo. Lakini kipini ni msaada tu. Njia ya kuaminika ni ileile kwa zote: shajeri nje, kisha kuvuta sehemu ya juu mpaka nyuma na kutazama chumba kwa macho.

Kwa vipimo, tofauti si kubwa kama watu wanavyofikiri. Makarov ina urefu wa milimita 161, uzito wa gramu 730 bila masasi, na shajeri ya masasi 8. PPK ina urefu wa milimita 155 na ni nyepesi zaidi, karibu gramu 600. Inabeba masasi 7 ya milimita 7.65, ao 6 ya 9 fupi. Chini ya shati jepesi PPK inajificha vizuri zaidi. Mkononi Makarov inakaa vizuri zaidi, na mtu mwenye kiganja kikubwa atajua haraka kwa nini: sehemu ya juu ya PPK inaporudi inaweza kuchana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndani, Makarov ina vipande vichache, na resori yake moja inafanya kazi ya nyundo, ya gashete na ya kushika shajeri kwa chini. Ni bastola ya askari wa kawaida, mtu wa mvua na matope, na kwa mji kama wetu wenye mvua tangu Septemba mpaka Mei hilo si jambo dogo. Bastola inayobebwa karibu na jasho la mwili inashika kutu, iwe ya Urusi ao ya Ujerumani, na yenye vipande vichache inasafishwa kwa urahisi.

Masasi ndiyo swali gumu. "Tisa ni tisa," watu wanasema, lakini si kweli. Risasi ya GP ni 9 kwa 19. Ya Makarov ni 9 kwa 18, na tena ni nene kidogo kuliko ya GP. Ya PPK, kama si 7.65, ni 9 kwa 17. Ni risasi tatu tofauti, na ya moja si ya kulazimisha katika nyingine. Mlinzi ambaye wakubwa wake wana akiba ya 9 kwa 19 tu, akipewa Makarov amepewa chuma cha kupamba kiuno.

Kwa hiyo ipi? Kwa mtu wa kazi, aliyefundishwa, anayebeba kila siku na kusafisha kila juma, Makarov ni bora: ni imara, mkono unaishika sawasawa, na sehemu zake zinaeleweka upesi. PPK inafaa zaidi kwa yule ambaye sharti lake la kwanza ni kuficha, na kipini chake cha alama ni faida ya kweli. Kwa mtu aliyetoka kwenye GP na ambaye hatapata mafunzo mapya, hakuna hata moja inayofaa. Na kwa mkaaji wa kawaida anayefikiria kununua moja kimyakimya kwa ajili ya wezi wa usiku, hesabu ni nyingine kabisa, na haianzi na gramu wala milimita.

Inaanza na sheria. Silaha na masasi Kongo zinaongozwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985: sivile hawezi kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya serikali. Hata makampuni ya ulinzi hayaruhusiwi kubeba silaha za moto. Ndiyo maana mbele ya benki mlinzi wa kampuni anasimama na fimbo, na mwenye bunduki pembeni yake ni askari polisi. Tena, kwa sheria za mwaka wa 2002 juu ya haki ya kijeshi, sivile anayeshitakiwa kwa jambo la silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi. Bukavu inalijua hilo. Katika kesi ya Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi aliyeuawa kwa masasi mjini tarehe 13 Juni 2007, masivile walihukumiwa na tribinali ya kijeshi. Wawili kati yao, marafiki wa marehemu, walipewa hukumu ya kifo kabla ya kuachiliwa katika rufaa mwaka wa 2008.

Majirani nao wanabana. Protokali ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 na Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka wa 2017, inataka silaha ndogo za masivile ziwe na ruhusa na ziandikwe. Kenya, ambako bastola ya Ceska imekuwa karibu jina la bastola zote mdomoni mwa watu, iliagiza mwezi wa Desemba 2018 kwamba masivile wote wenye ruhusa wachunguzwe upya. Mtu anayevuka Ruzizi na bastola katika sakoshi asitegemee kwamba karatasi ya upande mmoja itaeleweka upande mwingine.

Kisha kuna nyumba zenyewe. Katika Kadutu, Panzi, ao kule milimani ambako nyumba za mbao zimebanana ukuta kwa ukuta, risasi ya bastola haisimami kwenye ubao wa kwanza. Wala bati haliizuii. Anayefyatua kwa mwizi aliye mlangoni anafyatua pia kuelekea kitanda cha jirani. Na ile inayopigwa juu "kutisha tu" inarudi chini mahali fulani.

Mwezi wa Februari 2025, siku ambazo jeshi liliondoka na AFC/M23 ikaingia mjini, silaha ziliachwa katika kambi na vijana wakaziokota, wengine watoto kabisa. Tarehe 18 Februari Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imethibitisha kwamba kuna watoto waliouawa na M23 Bukavu, na kwamba inajua kulikuwa na watoto wenye silaha mikononi. Kwa wazazi wa mji huu, bastola iliyookotwa si mali. Mtoto aliyeishika anaonekana kwa mbali kama mpiganaji, na hakuna atakayemuuliza umri.

Anayekuta bastola ao masasi katika bomba la maji, kwenye shamba ao chini ya ukuta wa parsele, asiiguse na asijaribu "kuifunga": kama ilivyoonyeshwa hapo juu, hata kujua upande wa kitasa kunahitaji kujua ni bastola gani. Awaondoe watoto, aweke alama kwa mbali, kisha awaambie wakubwa wa avenyu ao wa kartye, ao padri ao mchungaji, waliomo katika nafasi ya kuzungumza na wenye mamlaka. Asiipeleke mwenyewe mkononi. Katika Katanga, miaka ya 2000, shirika PAREC la mchungaji Daniel Mulunda lilikusanya silaha kwa kuzibadilisha na baiskeli, na watu walizileta kwa sababu mahali, siku na wapokeaji vilijulikana mbele.

Na mwenye ruhusa ya kweli, bastola yake ikirudi nyumbani jioni, inapaswa kuwa tupu, shajeri mahali pamoja na masasi mahali pengine, kila kimoja chini ya ufunguo, na ufunguo mfukoni mwake. Kabati refu halitoshi. Mtoto wa miaka sita anajua kupanda kiti, na mvuto wa gashete wa Makarov, pamoja na uzito wake wote wa risasi ya kwanza, unawezekana kwa vidole viwili.