Wa Mwisho Kuingia: Tarehe ya Waitalia na Wamasedonia wa Wollongong

Wollongong ni mji wa pwani ulio kilomita 80 na ushei kusini mwa Sydney, Australia. Magharibi umezibwa na ukuta wa milima yenye makaa ya mawe, mashariki ni bahari, na kusini, kwenye bandari ya Port Kembla, kuna kiwanda cha chuma kilichowasha tanuru lake la kwanza mwaka 1928. Wenye ardhi hiyo kwa asili ni Wadharawal, ambao hawakuombwa ruhusa mgodi wa kwanza ulipochimbwa mwaka 1849, wala kiwanda kilipojengwa. Mji uliokuja kusimama juu ya ardhi yao umejengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wageni. Tarehe hii inawahusu wageni wa mataifa mawili: Waitalia na Wamasedonia.

Wanafanana kwa mengi. Walitoka katika vijiji vya milimani ambavyo ardhi yake haikutosha kulisha nyumba iliyojaa watoto. Walifika bila Kiingereza, wakapewa kazi ambazo wenyeji walizikwepa, wakaweka akiba kwa kujinyima. Hata hivyo, hali zao za uchumi hazikwenda sambamba. Waitalia wa Australia walitoa wakulima wakubwa wa miwa na zabibu, na makandarasi waliojenga minara na mahandaki. Wamasedonia walibaki muda mrefu zaidi kwenye zamu za kiwandani, na viwanda vilipoanza kufunga milango, pigo liliwapata vibaya. Wapo wanaoeleza tofauti hiyo kwa tabia, kana kwamba taifa moja lilizaliwa na jicho la biashara na jingine bila. Tarehe haiungi mkono maelezo hayo. Kilichowatenganisha ni wakati waliofika na mlango waliofunguliwa.

Tuanze na Waitalia, kwa kuwa ndio waliotangulia. Mwaka 1891 meli iitwayo Jumna iliwaleta zaidi ya 300, wengi wao kutoka kaskazini mwa Italia, kukata miwa Queensland. Wenye mashamba walitafuta watu wa kushika nafasi za vibarua wa visiwa vya Pasifiki, ambao baadaye, kwa sheria ya mwaka 1901, waliamriwa kurudishwa makwao. Waitalia wale walikata miwa kwa vikundi, wakichanga fedha za kikundi hadi zikatosha kununua shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Haba na haba hujaza kibaba. Kufikia miaka ya 1920 wengi walikuwa na mashamba yao. Kule Griffith, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Murrumbidgee, Vittorio De Bortoli alianza kusindika zabibu mwaka 1928, na kampuni ya ukoo wake ingali ikitengeneza mvinyo hadi leo.

Hawakuachwa wale kwa amani. Mwaka 1930 huko Queensland kulikuwa na kampeni ya kutaka kazi za miwa wapewe kwanza watu wenye asili ya Uingereza. Januari 1934, katika mji wa dhahabu wa Kalgoorlie, ghasia ziliteketeza nyumba na maduka ya Waitalia na ya watu wa Balkani bila kubagua nani ni nani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Waitalia karibu 4,700 waliwekwa kizuizini. Lakini vita vilipokwisha, mashamba yalikuwepo, maduka yalikuwepo, na jamaa waliojua ofisi na sheria walikuwepo. Kijana aliyeshuka melini mwaka 1950 alikuta mjomba wa kumdhamini na mwajiri anayezungumza lugha yake.

Wamasedonia walitoka kwenye historia nyingine. Mnamo Agosti 1903 waliinuka dhidi ya utawala wa Waosmani katika vuguvugu la Ilinden, likazimwa, na vijiji vingi vikachomwa. Mwaka 1913 mkataba wa Bucharest uliigawa nchi yao baina ya Ugiriki, Serbia na Bulgaria. Tangu hapo Mmasedonia alisafiri kwa pasi ya mtu mwingine, na akifika ng'ambo aliandikwa Mgiriki, Myugoslavia au Mbulgaria. Desturi ya pechalba, ya mwanamume kwenda mbali kutafuta na kurudi na alichopata, ilikuwa ya kale kwao. Marekani ilipobana milango kwa sheria za 1921 na 1924, baadhi yao waligeukia Australia. Walikata magogo, wakachoma mkaa, wakafyeka misitu na kujenga barabara. Wachache walipata ardhi, kama wale waliolima tumbaku Manjimup, magharibi mwa nchi. Wengi waliishi bila wake zao, wakipeleka fedha nyumbani kununua shamba huko huko walikotoka. Hiyo ilikuwa hesabu ya busara kwa mtu anayetarajia kurudi, lakini iliacha mizizi michache sana Australia kwa wale ambao wangewafuata.

Baada ya vita Australia ilitaka watu, na hapa ndipo njia zilipotengana wazi. Italia ilikuwa dola yenye serikali na mabalozi. Mwaka 1951 ilitia saini makubaliano na Australia, ambapo msafiri alisaidiwa nauli naye akakubali kufanya kazi miaka 2 pale atakapopangiwa. Mambo hayakwenda vizuri mara moja: mwaka 1952 kazi zilikauka, na katika kambi ya wahamiaji ya Bonegilla Waitalia waliochoka kusubiri walifanya ghasia. Wamasedonia wa Ugiriki walikuwa wametawanywa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949. Wale wa Yugoslavia walifungiwa ndani hadi serikali yao ilipolegeza mipaka katika miaka ya 1960. Yugoslavia na Australia zilikuja kuwekeana makubaliano ya kazi mwaka 1970. Kati ya saini hizo mbili kuna miaka 19, na miaka hiyo 19 ndiyo iliyokuwa minono kuliko yote katika uchumi wa Australia wa karne iliyopita.

Katika miaka hiyo Waitalia walipita katika kiwanda cha Port Kembla, na kwa wengi kilikuwa daraja. Mtu alifanya kazi ya tanuru au reli ya kiwandani mpaka akapata fedha za kiwanja. Alijenga gereji kwanza, akahamia humo na familia, kisha akainua nyumba yenyewe Jumamosi na Jumapili kwa msaada wa ndugu na majirani. Aliyejenga ya kwake alijengea na wengine. Ufundi wa zege, matofali na terazo walikuja nao, na nchi nzima ilikuwa inajenga. Wahandisi wawili waliotumwa kujenga njia za umeme, Franco Belgiorno-Nettis na Carlo Salteri, walianzisha kampuni ya Transfield mwaka 1956. Miaka 36 baadaye, 1992, handaki la chini ya Bandari ya Sydney lilifunguliwa, nayo ikiwa miongoni mwa wajenzi wake. Melbourne, ukoo wa Grollo ulianza na zege na kufika kwenye minara ya Rialto, iliyokamilika 1986. Hao ni wachache waliofika kileleni. Chini yao kulikuwa na maelfu wenye lori moja, mashine ya zege na vijana watatu wa kazi. Biashara ndogo kama hizo ndizo zilizoitoa jamii kiwandani kabla kiwanda hakijaanza kuwatoa watu.

Wamasedonia, wengi wao kutoka mji wa Bitola na vijiji vinavyouzunguka, walimiminika Wollongong hasa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikaa Cringila, mtaa ulio ubavuni mwa kiwanda, ambako kengele ya zamu ilikuwa saa ya kila nyumba. Walinunua nyumba haraka, mara nyingi kwa kuishi familia mbili chini ya paa moja hadi deni liishe. Walijenga kanisa lao la Kiorthodoksi kwa michango, na wakaanzisha timu ya mpira, Cringila Lions. Mshahara wa kiwanda ulikuwa mzuri, hasa kwa aliyekubali zamu za usiku na saa za ziada. Gharama yake ilikuwa mwili. Mgonjwa wa mgongo alipokwenda kwa daktari alikabiliwa na dhihaka ya enzi hizo, kwamba ana mgongo wa Mediterania, maana yake mvivu anayetafuta fidia. Dhihaka hiyo waliionja Waitalia na Wamasedonia sawia.

Kiwanda hakikuwataka wanawake. Mji ulijengwa juu ya makaa na chuma, na kazi nyingine zilikuwa haba, kwa hiyo wake na mabinti walipanda treni alfajiri kwenda kufanya kazi Sydney, au walikaa nyumbani bila kipato. Ukiangalia hesabu ya nyumba, hili ni jambo zito: familia yenye mishahara miwili humaliza mkopo mapema, na mmoja akipunguzwa kazini, mwingine hushika usukani.

Mwaka 1980 wanawake 34, wengi wao wahamiaji na Wamasedonia wakiwemo, walifungua malalamiko dhidi ya Australian Iron and Steel, kampuni iliyoendesha kiwanda. Majina yao yalikaa kwenye orodha ya waombaji wakati wanaume waliofika nyuma yao waliitwa kazini. Walipiga hema mbele ya lango, wakagawa vipeperushi kwa lugha kadhaa, na kampuni ikaanza kuwaajiri. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1982 mdororo wa uchumi uliikumba sekta ya chuma. Kiwanda kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 20,000 kilipunguza maelfu. Wachimba makaa wa mgodi wa Kemira walijifungia chini ya ardhi kupinga kufukuzwa, na Oktoba mwaka huo wafanyakazi wa Wollongong walipanda treni hadi Canberra na kuvamia milango ya Bunge.

Kanuni ya kupunguza watu ilikuwa moja: wa mwisho kuingia ni wa kwanza kutoka. Wanawake waliokuwa wameajiriwa juzi wakawa wa mbele kwenye foleni ya kuondoka. Walirudi kwenye sheria na kujenga hoja iliyo rahisi na yenye nguvu. Wao ni wa mwisho kwa sababu mlango ulifungwa walipobisha hodi. Kutumia kanuni hiyo dhidi yao ni kuwaadhibu mara mbili kwa kosa lisilo lao. Baraza la usawa la jimbo liliwapa haki mwaka 1985, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kabisa nchini humo, ikakubaliana nao. Kwangu hili ni tukio kubwa kuliko yote katika tarehe ya mji huu. Wanawake wa viwandani, wengine wakisaidiwa na wakalimani, waliifanya mahakama ikiri kwamba nafasi ya mtu kwenye foleni ina historia.

Hoja hiyo ya wanawake inafafanua pia tofauti ya jamii zetu mbili. Mmasedonia aliyeingia kiwandani mwaka 1972 alikuwa nyuma kwenye foleni, na nyuma yake kulikuwa na mkataba wa Bucharest, mipaka iliyofungwa na saini iliyochelewa. Alipopunguzwa, ujenzi ulikuwa umepoa na miaka ya kujifunza biashara akiwa kijana ilikuwa imepita. Mfumo wa pensheni ya lazima kwa waajiriwa ulianza mwaka 1992, wakati wenzake wengi walikwisha kuachishwa. Alibaki na nyumba aliyomaliza kuilipia na malipo ya serikali. Waitalia wa kiwandani nao waliumia, lakini wengi walikuwa na shemeji mwenye kampuni ya plasta au binamu mwenye shamba Griffith wa kuwapokea.

Sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya watu 1,100,000 wanaotaja asili ya Kiitalia Australia, na takriban 111,000 wanaotaja ya Kimasedonia. Jamii iliyo karibu mara 10 ya mwenzake huwa na soko lake, wanasheria wake na wakopeshaji wake. Hata hivyo wajukuu wa Cringila wamesoma. Chuo Kikuu cha Wollongong kilipata uhuru wake mwaka 1975, jirani kabisa na watoto wa wafanyakazi wa chuma, na kutoka nyumba zile wametoka walimu, wauguzi, wahasibu na wahandisi. Mwaka 2011 kiwanda kilipozima tanuru moja na kupunguza mamia ya watu, wengi wa kizazi hicho walikuwa wamekwisha kutafuta riziki kwingine.

Leo Wollongong ina wageni wapya, na miongoni mwao wamo Wakongo na Warundi waliopokewa kama wakimbizi, wengi wao wakiongea Kiswahili. Wamefika mji ambao kiwanda hakiajiri tena watu wengi kama zamani na nyumba zake zimepanda bei kwa kufuata Sydney. Hawatapata gereji ya kuanzia wala shamba la kununua kwa kuchanga. Wanachoweza kupata ni vyeti vyao kutambuliwa mapema, wake zao kuajiriwa tangu mwaka wa kwanza, na watoto wao kufika chuo. Watoto wa Cringila walivuka kwa shule, na Waitalia waliowatangulia walivuka kwa umiliki na mtandao wa jamaa. Hizo ndizo njia zilizothibitika mjini hapo, na halmashauri, waajiri na vyama vya wafanyakazi wana uwezo wa kuzifungua sasa, kabla mdororo mwingine haujafika na kuanza kuhesabu nani aliingia mwisho.