Mteja

Mtu wa Chaani, hapa Mombasa, akimpigia mwenzake simu asimpate, husema "yuko mteja". Neno hilo tumeliokota kwenye sauti ile ya kampuni za simu isemayo kuwa mteja hapatikani.

Waandishi wa programu nao wanalo neno mteja. Kwao kivinjari ni mteja wa seva. Ila ikiwa mteja ni mnunuzi, huyu ni mnunuzi wa ajabu: anaomba ukurasa, anarudishiwa pamoja na kazi ya kufanya. Kwa mfano, Ruby on Rails 1.1, toleo la mwaka 2006 la zana ya kutengenezea tovuti, ilimwezesha mwandishi kuandika kwa lugha ya Ruby upande wa seva, kisha seva ikazalisha maagizo ya JavaScript, lugha ya kivinjari: ficha kitufe hiki, badilisha jumla ile. Kivinjari kinayatekeleza maagizo hayo kwake, tuseme kwenye kompyuta ya saiba.

Mnunuzi gani huamrishwa hivyo? Naona inafaa zaidi maana ya kale, mteja wa mganga: anaeleza shida, anapewa masharti, anarudi nyumbani kuyatimiza. Mganga hamfuati kumchungulia. Na mtandao ukikatika kabla masharti hayajafika? Hapo mteja yuko mteja.