Sikio, Jicho na Mzigo: Historia ya Uamuzi wa Gia Hadi Barabara ya Malakisi

Barabara ya kutoka Malakisi kwenda Kitale, ukiifuata kwa Sirisia, Chwele, Kimilili na Kamukuywa, haina mlima mmoja mkubwa wa kutajwa kwa jina. Ina mabonde. Kila mto uteremkao kutoka Mlima Elgon umejichimbia njia yake, nayo barabara hulazimika kushuka hadi darajani, kisha ipande upya. Mji wa Bungoma, ulio upande huu wa chini, uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale uko takriban mita 1,900. Tofauti hiyo ya mita 500 hupandwa bonde kwa bonde, na kila bonde humdai dereva gia kadhaa.

Kwa miaka mingi kuamua gia ipi na lini ilikuwa kazi ya dereva peke yake. Sasa kuna magari yanayopita njia hii ambayo uamuzi huo umeshafanywa ndani ya programu iliyoandikwa Japani au Ujerumani. Honda Fit na Honda Vezel za haibridi za toleo la 2013, mitumba iliyoshushwa bandarini Mombasa, zina giaboksi ya klachi mbili. Otomatiki za Volkswagen na Audi zilizojaa katika yadi za magari Nairobi nyingi zinayo pia. Mwenye gari huona tu herufi D mbele yake na kudhani ni otomatiki kama nyingine yoyote. Sivyo, na njia iliyoifikisha giaboksi hii huku ni ndefu kuliko anavyofikiria.

Tuanze na malori. Yale yaliyopeleka pamba kwenye kinu cha Malakisi, na baadaye yaliyobeba tumbaku ya wakulima wa eneo hilo, mengi ya yale ya zamani hayakuwa na sinkromeshi, kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajashikana. Kushuka gia kulikuwa na hatua zake: kanyaga klachi, weka nyutro, achia klachi, chochea injini, kanyaga klachi tena, ndipo uingize gia ya chini. Ukikosea, meno yanasaga na kila aliyeketi juu ya magunia anajua. Ukikosea mlimani lori linarudi nyuma, na tanboi anaruka chini na kigingi chake kuziba gurudumu.

Dereva huyo alikuwa na vitu vitatu. Alikuwa na sikio, akaijua injini ilipoanza kulemewa. Alikuwa na jicho, akauona mlima kabla hajaufikia. Tena alijua mzigo, kwa kuwa alikuwepo ulipopakiwa. Historia yote ya giaboksi zinazojibadilisha zenyewe ni historia ya wahandisi kujaribu kukipa chuma vitu hivyo vitatu. Wamefaulu kwa kiasi, na hawakufaulu kwa mpangilio ambao mtu angetarajia.

Sikio ndilo lililopatikana mapema. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, otomatiki iliyotiwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na oili iliyoshindana na oili. Upande mmoja kulikuwa na gavana, kifaa kinachozunguka na kupandisha presha ya oili kadiri gari linavyokwenda kasi. Upande wa pili kulikuwa na presha iliyofuata mguu wa dereva: akikanyaga mafuta zaidi, inapanda. Katikati palikuwa na vali yenye springi. Presha ya mwendo ikiishinda presha ya mguu, vali inasogea na gia inapanda. Ikishindwa, gia inashuka. Ndiyo maana ukikanyaga kidogo gari hupanda gia mapema, na ukikanyaga sana linangoja. Kwa maoni yangu, huo ni mmoja wa uvumbuzi wa akili zaidi katika karne ya 20, na kanuni yake haijafa hata leo; imehamishiwa tu kwenye kompyuta.

Wakati huo huo, Ufaransa, mhandisi Adolphe Kégresse alikuwa na wazo lingine. Huyu hakuwa mgeni kabisa kwa Afrika Mashariki, walau kwa kazi ya mikono yake. Aliwahi kuhudumia magari ya mfalme Nicholas II wa Urusi, na huko akabuni minyororo inayonyumbulika ya kuwekwa mahali pa magurudumu ya nyuma ili gari lipite kwenye theluji. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi kwao, na Citroën ikaichukua minyororo yake. Magari ya aina hiyo ndiyo yaliyovuka Afrika katika msafara maarufu wa Citroën ulioanza Algeria mwezi Oktoba 1924. Yalipofika Kampala mwaka 1925 msafara uligawanyika makundi manne: kundi moja likaelekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, jingine Msumbiji, na la nne Cape Town. Kwa hiyo chuma cha Kégresse kilipita Uganda na Kenya takriban miaka 90 kabla Fit ya kwanza yenye klachi mbili haijafika Malakisi.

Wazo lake la mwaka 1939 lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitengeneza. Gawa gia katika makundi mawili. Gia za namba witiri, kama 1 na 3, zikae kwenye shafti moja yenye klachi yake. Za namba shufwa, kama 2 na 4, kwenye shafti nyingine yenye klachi yake. Gari likiwa linavutwa na gia ya 3, gia ya 4 inaweza kuingizwa huku haifanyi kazi bado, ikangoja. Wakati ukifika, klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, kama mkimbiaji wa kupokezana vijiti anayeanza kukimbia kabla mwenzake hajamfikia. Nguvu haikatiki. Kégresse alifikiria kuitia giaboksi hiyo kwenye Citroën Traction Avant, lakini vita vikaja, naye akafariki mwaka 1943. Tatizo halikuwa chuma tu. Mtu mwenye miguu miwili hawezi kuongoza klachi mbili zinazopishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwaka 1939 hapakuwa na kompyuta ya kumfanyia.

Hapa msomaji wa Kitale mwenye shamba atanikatiza: klachi mbili mbona tulikuwa nazo kitambo? Kweli. Trekta za Massey Ferguson 35, zilizolima mahindi ya Trans Nzoia, ziliuzwa pia zikiwa na klachi ya hatua mbili kwenye pedali moja: nusu ya kwanza husimamisha magurudumu, ukikanyaga hadi chini unasimamisha pia mtambo unaoendesha vifaa vya nyuma. Ni klachi mbili, ila kila moja ina kazi yake, na hazipokezani gia. Kilichokaribia zaidi ni Multi-Power ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 1962, ambayo ilimwezesha mkulima kuongeza au kupunguza mwendo bila kukanyaga klachi. Ilikuwa na hila moja hatari: kwenye upande wa mwendo mdogo injini haikuweza kulizuia trekta likiteremka. Aliyeshuka nayo mteremko akiwa na trela la mahindi alijifunza haraka.

Wazo la Kégresse lilifufuliwa na Porsche mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika magari ya mashindano. Mwaka 1986 Porsche 962 yenye giaboksi hiyo ilishinda mbio za Monza nchini Italia. Audi nayo iliijaribu kwenye gari lake la rali, Sport Quattro S1, mwishoni mwa 1985. Lakini ilikuwa nzito, na ikawekwa kando. Mwaka 2003 ndipo Volkswagen ilipoitia kwenye gari la kuuzwa dukani, Golf R32, klachi zake zikiogelea ndani ya oili. Mwaka 2008 ikafuata ya gia saba yenye klachi kavu, nyepesi na ya bei nafuu, kwa magari madogo. Honda ikaingia mwaka 2013: Fit ya haibridi mwezi Septemba, Vezel mwezi Desemba, gia saba, klachi kavu mbili, na mota ya umeme ndani ya giaboksi yenyewe.

Sasa tuingie kwenye uamuzi wenyewe.

Kompyuta ya giaboksi inabeba ramani, ila si ramani ya barabara. Ni mistari. Kila mstari unasema: kwa mguu uliokanyagwa kiasi hiki, panda gia mwendo ukifika hapa. Kuna mistari ya kupanda na mistari ya kushuka, na haigusani kwa makusudi. Tuseme, kwa mfano tu, gari linapanda gia ya 4 kwenye kilomita 50 kwa saa. Halitashuka kurudi ya 3 hadi lifike 40. Pengo hilo lisingekuwepo, gari linalokwenda kilomita 50 hivi lingekuwa likipanda na kushuka gia bila kukoma. Hadi hapo ni gavana na springi za mwaka 1939, zimeandikwa kwa tarakimu.

Jipya ni mzigo. Kompyuta inajua injini inatoa nguvu kiasi gani, na inajua gari tupu kwenye tambarare lingeongeza mwendo kiasi gani kwa nguvu hiyo. Mwendo usipoongezeka inavyopaswa, kompyuta inakata shauri: ama tunapanda mlima, ama tumebeba watu na magunia. Haijui ni kipi kati ya viwili hivyo, wala haijali. Inachagua ramani nyingine yenye mistari iliyosogezwa, ili gia ya chini ishikiliwe muda mrefu zaidi. Kinyume chake, mguu ukiwa nje ya mafuta na mwendo bado unaongezeka, inajua tunateremka, ikakataa kupanda gia ili injini isaidie kuzuia gari.

Klachi mbili zinaongeza swali ambalo otomatiki ya kawaida haiulizwi: gia ipi ingoje? Fikiria mteremko wa kuelekea daraja la Kamukuywa, ambao madereva wa njia ya Kitale wanaujua kwa ajali zake. Gari liko gia ya 5. Dereva akiwa bado anakanyaga mafuta, kompyuta inabashiri kwamba ataongeza mwendo, ikaweka ya 6 tayari. Ghafla anagusa breki. Kompyuta inabadili mawazo, inatoa ya 6 na kuingiza ya 4. Akifika chini anakanyaga mafuta kwa nguvu kupanda upande wa pili, na sasa anahitaji ya 3. Lakini ya 3 iko shafti moja na ya 5. Gia mbili za shafti moja haziwezi kupokezana moja kwa moja. Lazima nguvu ipitie ya 4 kwanza. Kule kusita kidogo ambako dereva anakuhisi, akasema gari "limefikiria", ndiko huko. Utabiri ulikuwa mbaya na unasahihishwa.

Jicho, basi, ndilo ambalo gari la kawaida bado halina. Kompyuta haiuoni mlima; inaugundua ukishaanza kulipunguzia gari mwendo. Kuna magari yaliyopewa jicho: Rolls-Royce Wraith ya 2013 huchagua gia kwa kutumia setilaiti, na malori ya Scania na Volvo yana mifumo inayojua mwinuko wa barabara kabla ya kuufikia. Vezel ya mtumba haimo katika orodha hiyo.

Na programu hukosea. Fit ya haibridi iliitwa kiwandani mara tano ndani ya takriban mwaka mmoja tangu ianze kuuzwa. Si mara zote ilihusu giaboksi, lakini mwezi Februari 2014 Honda iliyaita magari 81,353 ya Fit na Vezel kwa sababu programu ya giaboksi ingeweza kuchelewesha gia kuingia, au gari lishindwe kuondoka. Dawa ilikuwa kuandika programu upya. Mwezi Oktoba mwaka huo rais wa Honda, Takanobu Ito, alikatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu. Volkswagen ilikuwa na aibu yake mwaka 2013, ilipoyaita magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu ya giaboksi hizi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya 2013 na 2014 yaliendelea kushuka Mombasa hadi yalipozidi umri huo, na mengi sasa yanauzwa mara ya pili na ya tatu mikononi mwa Wakenya. Ukitaka kununua moja, chukua nambari ya chesisi uiingize kwenye ukurasa wa Honda ya Japani wa magari yaliyoitwa kiwandani, uone kama kazi ilifanywa kabla halijasafirishwa. Dai oili ya giaboksi iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile iliyopo dukani. Kwenye foleni ya mlimani usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta; klachi kavu zinaungua hivyo. Tumia breki. Na likianza kutetemeka unapoondoka, lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta kabla mtu hajashika spana kufungua giaboksi.