Ruzuku za nishati na swali la akiba

Historia ya ruzuku ambazo serikali ya Marekani imezipa halmashauri zake ili zibane matumizi ya nishati husimuliwa kwa kutaja vifaa: boila mpya, madirisha ya vioo viwili, taa za barabarani. Kwa maoni yangu, historia hiyo imo zaidi katika vitabu vya hesabu. Ruzuku iliacha kitu cha kudumu pale tu ilipoamuliwa nani apokee akiba baada ya bili kupungua, na mara nyingi uamuzi huo haukufanywa.

Yote yalianza na hofu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. Sheria zikafuatana, na ile ya 1978, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, ikazichangia shule na hospitali gharama za ukarabati, kwa kawaida nusu kwa nusu. Majengo ya serikali za mitaa yaliambulia ukaguzi na ushauri wa wahandisi tu. Yalipimwa, dawa hayakupewa. Kisha ikaja neema ambayo hakuna aliyeipangia bajeti. Mwaka 1986 Exxon ililipa takriban dola bilioni 2.1 kwa kuuza mafuta kupita bei iliyowekwa na serikali, na fedha hizo zikagawiwa majimbo kwa miradi ya nishati. Ziko shule, basi, zilizotumia mafuta kidogo kwa fedha za muuza mafuta. Lakini mwaka huohuo bei ya mafuta iliporomoka, na hamu ya wanasiasa ikaporomoka nayo.

Wapinzani wa ruzuku wana hoja isiyopuuzika: kama taa mpya inajilipa yenyewe kwa bili ndogo, kwa nini mlipakodi wa mbali aichangie? Los Angeles ilianza mwaka 2009 kubadili taa 140,000 za barabarani kuwa za LED, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na mkopo uliolipwa kwa akiba. Ni kweli, ila Los Angeles ina shirika lake la umeme na mlango wa benki uko wazi kwake. Mji mdogo mara nyingi haumiliki hata taa zinazoumulika. Hata wenye uwezo hukwama kwenye bajeti ya mwaka mmoja: anayegharamia kifaa ni fungu la maendeleo, anayenufaika ni fungu la matumizi ya kawaida, na mkuu wa idara aliyebana umeme mwaka huu hukatiwa fungu lake mwaka ujao. Aliyewahi kukaa kikao cha bajeti popote pale ataelewa kwa nini mkuu huyo haharakishi. Ann Arbor, Michigan, ilikifungua kifundo hicho mwaka 1998 kwa kuanzisha mfuko wa nishati: idara hukarabatiwa jengo lake, hurudisha asilimia 80 ya akiba inayokadiriwa kwa miaka mitano, na kinachobaki ni chake.

Ruzuku kubwa kuliko zote iliwekwa kisheria Desemba 2007, chini ya George W. Bush, asilimia 68 yake ikitengewa miji na kaunti. Senti haikutoka mpaka Februari 2009, uchumi ulipoanguka, ndipo dola bilioni 3.2 zikamwagwa kwa wapokeaji zaidi ya 2,300. Sasa zilitakiwa kuleta ajira, tena haraka, huku miji isiyo na hata ofisa mmoja wa nishati ikihangaika na masharti ya mishahara, bidhaa za Marekani na majengo ya kihistoria. Fedha zikatumika polepole, na wakosoaji walisema ucheleweshaji ule ulithibitisha kwamba ruzuku hazifai. Nadhani ulithibitisha jambo dogo zaidi: kubana nishati ni kazi ya subira, na iliombwa izime moto. Kosa kubwa lilikuwa kwingine. Sheria iliruhusu asilimia 20 ya ruzuku, au dola 250,000 ikiwa ndicho kiasi kikubwa zaidi, iingie katika mifuko ya mikopo inayozunguka, yaani inayokopesha tena kile kinachorejeshwa. Iliruhusu, haikulazimisha. Pasipo na mfuko, akiba ilirudi kwenye hazina kuu na kupotelea humo.

Mwaka 2021 mpango ukafufuliwa kwa dola milioni 550, chini ya moja ya tano ya zile za 2009, na suala la akiba iende wapi likaachiwa tena halmashauri zenyewe.